Vigae Vyekundu na Amri Iliyopotea Njia

Machi 2

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo alasiri. Goti langu la kushoto lilikuwa limeitangaza tangu jana, nami nikaanua nguo mapema huku majirani wakinicheka. Baadaye wao ndio waliokuwa wakikimbizana na shuka zao uani.

Daktari amenikataza kutembea mbali na kupanda ngazi mpaka masika yaishe, kwa hiyo dunia yangu ya msimu huu ni ndogo: chumba changu, ua, na karakana ya mpwa wangu upande wa pili wa ua. Nimeamua kuandika shajara. Sina siri ya kuweka humu, ila niliandika programu za ankara katika idara ya maji mpaka nikastaafu, na mtu wa kazi ile akikaa bila kuandika kitu anaanza kuhesabu mabati ya jirani.

Mpwa wangu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Anatengeneza friji. Yeye na mkewe, ambaye ni muuguzi, wanaishi ghorofani juu yangu. Mama yake, yaani wifi yangu, ni mshonaji. Amepanga chumba nyuma ya soko, chumba kinachovuja, na tumekubaliana kwamba masika yakiisha atahamia hapa, kwenye chumba cha nyuma kinachotazamana na changu. Nalisubiri jambo hilo kwa hamu kuliko ninavyomwonyesha. Nikimwonyesha atajiona malkia.

Jioni tunacheza. Hapa naona nieleze kidogo. Mchezo wenyewe ni wa kujenga mji. Kila mtu yuko kwake na kompyuta au simu yake, lakini ndani ya mchezo wote tunakutana mahali pamoja, tunaonana, tunasikiana, tunajenga na kubishana. Mji huo unakaa ndani ya kompyuta moja iitwayo seva, nayo iko karakanani, juu ya friji isiyo na mlango, ili maji yakiingia yasiifikie. Mpwa aliipata programu ya seva bure, kisha akaiongezea amri zake mwenyewe kwa Kiswahili. Ukiandika /mpe, kisha jina la mtu, kisha kitu, kisha idadi, seva inampa mtu huyo kitu hicho. Vipande hivyo vinavyofuata amri wataalamu huviita hoja. Amri ni kama fundi: hoja ndizo zinazomwambia afanye kazi kwa nani, ya nini, na kiasi gani.

Mle ndani mimi naitwa Hesabu, Wifi ni Cherehani, mpwa ni Barafu, na mkewe ni Sindano. Yuko pia kinyozi wa mtaani, anayejiita Wembe na kujiona mchekeshaji, pamoja na majirani kadhaa. Muuguzi ndiye mtunza ghala wetu, kwa sababu ni mtu wa mpango. Ukiomba mbao saa moja, saa moja na dakika unazo.

Machi 5

Mvua. Chai. Goti.

Machi 9

Wifi ameanza kujenga nyumba ya kaka. Nasema nyumba ya kaka kwa kuwa niliitambua kabla hajaweka mlango: vyumba vitatu kwa mstari, baraza refu, na dirisha moja lililokaa upande kama kofia ya mlevi, kwa sababu kaka yangu alilipachika mwenyewe na hakukubali kwamba limepinda. Nyumba hiyo ilivunjwa zamani barabara ilipopanuliwa. Leo nimeiona tena, imesimama kwenye kilima cha mji wetu, imekosa paa tu.

"Paa lilikuwa jekundu," nikasema.

"Wifi, unaniambia mimi? Nililala chini ya paa lile ukiwa huko mjini unahesabu mabomba." Kisha akamwita Muuguzi. "Mwanangu Sindano! Nahitaji vigae vyekundu, vingi."

"Nikitoka zamu jioni nitakutumia, Mama."

Jioni ilinyesha. Mpaka sasa paa bado halijaezekwa.

Machi 10

Wifi kapiga simu asubuhi: vigae havijafika. Muuguzi anasema alituma. Nikadhani mmoja wao amesahau, na kwa heshima nikadhani ni Wifi.

Machi 14

Leo mambo yameharibika.

Muuguzi ametuma vigae mara tatu wiki hii, na mara tatu Wifi hakupata hata kimoja. Wifi akaondoka kilimani kwake, akatembea mpaka kwenye nyumba ya Muuguzi ndani ya mchezo, akafungua sanduku lake. Vigae vyekundu vilikuwa vimejaa humo mpaka juu.

Tulikuwa wengi mjini. Sote tulisikia.

"Haya njooni muone! Mtunza ghala anajitunzia mwenyewe! Mwizi huyu, tena mwizi wa mama mkwe!"

"Mama, sijui vimefikaje hapo," akasema Muuguzi.

"Vimepanda ngazi vyenyewe? Vina miguu?"

"Nilikutumia wewe. Seva ilijibu 'Tayari'."

"Tayari kwako!"

Kinyozi akacheka, kisha akajikuta anacheka peke yake. Mpwa wangu alikuwepo, nilimwona amesimama kisimani, hakusema neno. Muuguzi hakuongeza lolote. Aliweka vigae vyote chini mbele ya mlango wa Wifi, kimoja kimoja, akaondoka mchezoni. Wifi hakuvigusa. Mpaka naandika haya, bado viko pale chini.

Nimemlaumu Muuguzi moyoni kwa ule ukimya. Nilifikiri: mtu asiye na kosa hupaza sauti.

Machi 15

Wifi ametuma ujumbe kwamba hahami. "Siwezi kulala nyumba moja na mtu wa namna hiyo." Chumba cha nyuma nilikuwa nimekwisha kukifagia.

Machi 17

Mvua kutwa nzima. Sikucheza. Hakuna aliyecheza.

Machi 21

Muuguzi ameshuka na dawa ya kuchua goti. Ana mikono mizuri ya kazi, haina haraka. Nikamuuliza mbona hajitetei.

"Nijitetee kwa nini, Shangazi? Nikisema sikuchukua, sanduku linasema nimechukua."

"Ulipolifungua wewe uliona nini?"

"Silifungui. Mkoba wangu wa ghala umejaa muda wote, kwa hiyo kitu kikizidi kinakwenda sandukuni chenyewe. Ndivyo mchezo ulivyo." Akaongeza dawa mkononi, akaendelea kuchua. "Matroni wetu wa hospitali ameniita. Kuna nafasi hospitali ya mbali, karibu na kwetu nilikozaliwa. Nikikubali naanza kazi mvua zikiisha."

"Na mumeo?"

"Atabaki na friji zake, atakuja akiweza."

"Unataka kwenda?"

"Nilikuwa sitaki," akasema. "Lakini Shangazi, mimi nashika funguo za dawa za wagonjwa. Wodi nzima inaniamini. Halafu nyumbani kwangu naitwa mwizi kwa ajili ya vigae vya kuchora, na mume wangu anatazama kisima."

Alipopanda ngazi nilimsikia anasimama katikati, kisha anaendelea. Nimebadili mawazo yangu kuhusu ukimya wake. Hakuwa amekosa la kusema. Alikuwa anangoja mtu mwingine aliseme.

Machi 22

Nimejaribu kuzungumza na Wifi kwa simu. Amenieleza kwa kirefu habari za bei ya uzi.

Machi 28

Leo nimefungwa jela. Nieleze taratibu, maana bado mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Mji wetu una jela. Ni chumba cha mawe chenye dirisha dogo, mpwa alikijenga kwa utani: mtu akitukana, hakimu anamweka ndani dakika chache ili apoe. Hakimu ni mimi, kwa umri tu. Jioni hii Muuguzi alirudi mchezoni kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilimsihi. Wifi naye akaingia. Haikupita muda akaanza:

"Jamani fungeni masanduku yenu, mtunza ghala kaja."

"Wifi," nikasema, "neno moja zaidi nakufunga."

"Mimi? Unifunge mimi? Wewe ambaye nilikushonea sketi ya kwanza ukaingia kazini kama mtu?"

"Ilikuwa inanibana."

"Ulikuwa umenenepa! Nifunge basi, tuone. Mwizi yuko nje, mwenye mali yuko jela, ndiyo haki yenu hiyo!"

Nikaandika, kwa mkono usio na huruma: /funga Cherehani. Wakati huo huo radi ikapiga, mvua ikamwagika juu ya bati la karakana kama kokoto, nami nikabonyeza.

Seva ikajibu: Tayari.

Na mimi nikajikuta natazama ukuta wa mawe. Mbele yangu dirisha dogo. Nje ya dirisha, uso wa kinyozi.

"Hakimu kajifunga!" akapiga kelele. "Jamani, hakimu kajihukumu mwenyewe! Mama Hesabu, una la kujitetea?"

"Nifungulie."

"Sina ufunguo, mheshimiwa. Ufunguo unao wewe."

Mpwa alikuwa anacheka karakanani kwa sauti halisi, nilimsikia kupitia ua. Hata Muuguzi alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua zianze. Wifi peke yake hakucheka, na ndipo nilipogundua kwamba Wifi hakuwepo kabisa. Baada ya dakika chache akatokea, anahema.

"Umeme ulikatika huku, umerudi sasa hivi. Wifi! Uko jela? Umeiba nini?"

Kila mtu akavunjika mbavu upya. Mimi nilikaa kwenye sakafu ya mawe, nikaanza kufikiri. Niliandika jina lake. Sikukosea, jina bado lilikuwa pale kwenye skrini. Umeme wa kwake ukakatika, akatoweka mjini kabla amri haijafika. Na seva, badala ya kusema "huyu hayupo", ilinichukua mimi.

Mtaa wa nyuma ya soko hukatika umeme kila mvua inaponyesha. Kompyuta ya Wifi ni ile kubwa ya mezani aliyopewa na mwanawe. Umeme ukienda, nayo imekwenda. Na Muuguzi hutuma vigae jioni, akitoka zamu, wakati ambao msimu huu wote mvua haikosi.

Goti halikuniuma tena. Au liliniuma, sikulisikia.

Machi 29

Asubuhi nimevuka ua na mwavuli, nikaketi mbele ya seva, nikamwomba mpwa anifungulie zile amri zake. Nilisoma polepole. Programu ya mtu ni kama jikoni kwake, usiingie ukaanza kufungua makabati kwa fujo. Nikaufikia mstari.

"Nani aliandika huu?"

"Upi, Shangazi?"

"Huu unaosema: mtafute mwenye jina hili kati ya waliopo, asipopatikana, mchukue aliyeandika amri."

Akakuna kichwa kwa bisibisi. "Mimi. Mama alikuwa anachoka kuandika jina lake kila akitaka kwenda nyumbani. Nikaona akiandika /nyumbani peke yake, bila jina, seva ielewe ni yeye mwenyewe. Mbona imemsaidia sana."

"Imemsaidia. Na akitajwa mtu ambaye yuko nje ya mji?"

"Seva haimpati."

"Halafu?"

"Halafu inamchukua..." Akaweka bisibisi chini. Friji moja nyuma yetu ikaanza kunguruma, naye akaitazama kama yenye makosa ni ile. "Shangazi. Vile vigae."

"Mkeo aliandika jina la mama yako. Mama yako hayupo, umeme umekatika. Seva ikampa vigae mkeo. Mkoba wake umejaa, vikaenda sandukuni. Na jibu ulilolitunga wewe linasema 'Tayari' tu, halisemi kapewa nani."

Akaketi juu ya kompresa iliyong'olewa kwenye friji.

Nikamwambia na jambo la pili, maana nilikuwa nimelibeba muda mrefu. Hitilafu katika programu haimvunjii mtu heshima, mimi mwenyewe niliwahi kuandika nyingi. Lakini wiki zote hizi mkewe anaitwa mwizi na yeye amenyamaza.

"Sikutaka kuingia kati yao. Nikimtetea mmoja, mwingine ananuna."

"Na sasa?"

"Sasa wamenuna wote."

Siku zote nimekuwa nikisema mpwa wangu ni mpole. Leo nimeona kwamba upole wake mwingine ni uvivu wa kusikia makelele.

Machi 30

Tumetengeneza. Tumeharibu.

Nilikuwa na haraka, jambo lisilonifaa. Nikaandika: jina lisipopatikana, kataa. Basi. Tukajaribu /mpe kwa mtu asiyekuwepo, ikakataa, tukapongezana. Jioni watu wakaingia mchezoni, na hakuna aliyeweza kurudi kwake. Kila aliyeandika /nyumbani bila jina, seva ilimjibu: "Mtu huyo hayupo."

"Mama Hesabu!" kinyozi akaita kutoka juu ya mlima. "Seva inasema mimi sipo! Najiona kabisa, hii hapa miguu yangu!"

"Shuka kwa miguu hiyo hiyo."

"Kuna mbwa mwitu!"

Tulimsikia akishuka. Hakufika.

Aprili 2

Leo nimefanya kama nilivyofundishwa na kama nilivyopaswa kufanya juzi: kabla ya kugusa programu, nimekaa na kujiuliza swali lenyewe ni lipi.

Mpwa aliyaona mambo mawili kama moja. Kutomtaja mtu ni jambo moja. Kumtaja mtu ambaye hayupo ni jambo jingine. Katika yote mawili seva inabaki mikono mitupu, haina mtu mkononi, na ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya. Lakini nikikuambia "peleka chai", bila kusema kwa nani, una haki ya kudhani ni kwangu. Nikikuambia "mpelekee jirani chai", ukakuta jirani katoka, huna ruhusa ya kurudi na kuninywesha mimi kisha ukasema kazi imekwisha.

Kwa hiyo sasa seva inauliza kwanza kama jina limeandikwa. Halikuandikwa: ni aliyetoa amri. Limeandikwa na mtu yupo: sawa. Limeandikwa na mtu hayupo: kama ni mzigo, umngoje mpaka arudi, kama ni kitu kingine, ikatae na kusema wazi. Na jibu halisemi tena "Tayari" peke yake. Linamtaja aliyepewa.

Mpwa ndiye aliyeandika, mimi nilikaa nyuma yake na kikombe. Tulijaribu kila namna tuliyoweza kuifikiria, pamoja na jina la uongo na idadi ya chini ya sifuri, ambayo nayo ilikuwa na mambo yake. Mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, hatukuisikia mpaka maji yalipogusa viatu vyetu.

Tumemweleza Muuguzi aliporudi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja la maana kuhusu mkoba, akaelewa haraka kuliko mumewe.

"Nashukuru, Shangazi. Mmefanya kazi kubwa."

"Basi yamekwisha?"

"Seva imepona," akasema. "Lakini seva haikuniita mwizi."

Kisha akamtazama mumewe. "Wewe ulijua lini?"

"Juzi ile, alipojifunga Shangazi... kesho yake."

"Nilikuwa siulizi vigae. Nilikuwa nauliza kama ulijua mimi si mwizi."

"Hilo nilijua siku zote."

"Ungelisema."

Nilikumbuka ghafla kwamba nina sufuria jikoni. Sikuwa nayo.

Aprili 3

Wanazungumza juu. Sisikii maneno, nasikia sauti ya mpwa ikiwa nyingi kuliko kawaida. Ni dalili njema.

Aprili 6

Mpwa amemleta mama yake karakanani, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila kutumwa. Wifi aliingia na mwavuli, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni kama kawaida, akakataa kiti.

Nikamweleza yote: umeme, jina, sanduku. Nilieleza vizuri, nadhani. Akanisikiliza huku ananitazama kama mtu anayetazama kitambaa cha bei rahisi.

"Umemaliza? Sasa nijibu. Hiyo hitilafu iko wapi?"

"Tumekwisha kuitengeneza."

"Aa. Mmeitengeneza nyuma ya mgongo wangu. Kwa hiyo mimi nitajuaje kwamba ilikuwepo? Nyie ni watu wa nyumba moja, mnaweza kuketi mkanitungia hadithi ili mkwe wenu atoke msafi."

Alikuwa na haki. Katika kazi yangu yote nimejua jinsi ya kuonyesha kwamba kitu kimepona. Sikuwahi kuombwa nionyeshe kwamba kiliwahi kuumwa.

"Mpwa," nikasema, "ile programu ya zamani unayo?"

"Ninayo, Shangazi."

"Iweke kwenye kompyuta nyingine. Irudishe na ubovu wake wote."

Akaiweka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Tukamkalisha Wifi mbele yake. Nikamwambia aandike yeye, kwa vidole vyake, asiniamini mimi: ampe mwanawe kitu chochote. Kwanza mwanawe akiwepo. Akampa makaa kumi, makaa yakaenda. Kisha mpwa akatoka mchezoni, akazima simu yake mbele ya macho ya mama yake.

"Sasa mpe tena."

Wifi akaandika. /mpe Barafu makaa 10. Akabonyeza. Seva ikajibu: Tayari. Akafungua mkoba wake mwenyewe, nayo makaa yalikuwa humo.

Akaandika tena, safari hii maboga. Yakamjia. Akaandika kondoo. Kondoo akatokea miguuni kwake.

"Wee!" akasema. "Nimejiibia!"

Akaendelea. Alimtumia mwanawe vitanda, taa, samaki, farasi, na kila kitu kilirudi kwake na "Tayari" yake, mpaka mkoba ukajaa na vilivyozidi vikaanza kwenda sandukuni. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, anapiga meza, "Tazama! Na farasi!" Tulicheka wote watatu. Kisha akafungua lile sanduku lake, akaona vitu vimejipanga humo, na kicheko kikakatika.

"Vigae vyangu vilikwenda hivi?"

"Hivi hivi."

"Na yeye hakuona."

"Kama ulivyokuwa huoni wewe sasa hivi."

Akalifunga sanduku. Mpwa, maskini, akaona ndio wakati wake. "Mama, nisamehe. Mstari ule niliuandika mimi, kwa ajili yako, ili usichoke kuandika jina."

Wifi akaivua ile futi shingoni, akamchapa nayo begani. "Mjinga wewe! Mkeo anaitwa mwizi nawe umesimama kama friji mbovu!"

"Lakini Mama, aliyemwita mwizi ni we—"

"Nyamaza!"

Akachukua mwavuli. Mlangoni akasimama, akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, mimi nilitaka tu paa. Nilikuwa nikiliona lile paa halipo, naona kama wamelivunja tena."

Kwa miaka mingi nimemhesabu wifi yangu kuwa mtu wa makelele. Sikuwahi kujiuliza makelele yale yanafunika nini.

Aprili 8

Mvua inapungua. Wifi haji, hapigi simu. Mpwa anasema hata dukani anakoshonea hayupo, kafunga.

Aprili 11

Matroni anataka jibu Jumatatu. Muuguzi ameniambia hivyo akinichua goti, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha joto. Nilitaka kumshauri, nikajizuia. Hii haikuwa amri ya kusahihishwa na mimi.

Aprili 13

Mawingu tu. Kinyozi ameshushwa hadhi na mji mzima kwa kuogopa mbuzi akidhani ni mbwa mwitu. Muuguzi hakuingia.

Aprili 14

Jumapili, jua kali. Uani kila kamba imejaa nguo. Nilikuwa nimeketi mlangoni nimelinyoosha goti juani, na Muuguzi alikuwa kwenye benchi anavua viatu vya kazi, ametoka zamu ya asubuhi. Lango likasukumwa. Wifi akaingia na kifurushi kwapani, akavuka ua bila kunisalimu, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasimama mbele ya mkwewe.

"Simama nikupime."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simama."

Muuguzi akasimama, pekupeku. Wifi akampima mabega, akampima mkono, akaanza kuzungumza akiwa nyuma yake, mahali asipoonekana uso.

"Wote waliosikia nikikuita mwizi nimewafuata, mmoja mmoja. Nimewaambia nilikosea. Kinyozi nimemkuta kazini, ana mtu kitini nusu kanyolewa, nikasema mbele yao wote wawili. Nimetumia siku hizi zote, wengine wanakaa mbali. Umebaki wewe. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Muuguzi hakugeuka. "Nimekusamehe, Mama."

"Geuka nipime kifua." Akapima, macho kwenye futi. Kisha akafungua kifurushi. Kilikuwa kitambaa cha bluu, kizuri, kizito. "Kama unakwenda, nenda umevaa nguo iliyoshonwa. Sitaki waseme mama mkwe wake ni mshonaji na gauni linamvuta mabegani."

Muuguzi akakigusa kile kitambaa, akakisugua kati ya vidole.

"Mama, hii bluu ni ya wauguzi wa kule."

"Najua. Niliuliza."

"Huku tunavaa nyeupe."

"Nina macho, nakuona."

"Basi kairudishe."

Wifi akamtazama, akakitazama kitambaa, akamtazama tena.

"Wameshanikatia," akasema taratibu. "Hawapokei."

Mpwa alikuwa ametokea mlangoni pa karakana, mikono imejaa grisi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hakusema chochote. Muuguzi akakikunjua kile kitambaa, akakinyanyua juani, akakitazama mwanga ukipita.

"Shangazi," akaniita, "dirisha la chumba cha nyuma linahitaji pazia la upana gani?"

Mimi, ninayependa kueleza kila kitu, nilikuwa sijui.

Wifi hakunisubiri. Alikuwa amekwisha kuingia kwenye kile chumba na futi yake, na kutoka ndani tukamsikia anaita namba kwa sauti kubwa, na Muuguzi, bado pekupeku uani na bluu yote mikononi, anazirudia moja baada ya nyingine ili zisisahaulike.